Siku Mkurugenzi Alipofagia Mashine

Miaka ile ya vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka ili tuchoke kupigana, nilikuwa fundi wa kompyuta katika bohari moja ya dawa mjini Bujumbura. Barua ya ajira ilinipa cheo kirefu cha Kifaransa ambacho mama yangu alikianza mara nyingi bila kukimaliza, mwishowe akaamua kuwaambia majirani kwamba natengeneza redio. Sikumsahihisha. Redio angalau unaipiga kofi ikaimba. Mashine niliyopewa mimi haikutaka kofi.

Ilikuwa seva ya Unix, sanduku kubwa la rangi ya chai ya maziwa, iliyokaa na feni na betri zake katika kijichumba nyuma ya ofisi ya Mkurugenzi. Tuliiita mashine kubwa. Ilitunza hesabu ya dawa zote za bohari, na kila jioni ilipiga simu nje ya nchi kwa modemu, ikampelekea muuzaji wetu maagizo na kutuletea majibu. Laini za nje wakati ule zilikuwa za kubahatisha. Binadamu akipiga hukata tamaa mapema. Mashine ilipiga, ikapiga tena, ikapiga tena, bila kumtukana mtu wa posta. Matusi niliyatoa mimi kwa niaba yake.

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kujidunga sindano kila siku. Tulikaa Bwiza, nyumba ya uani, na kwa kuwa umeme ulikuja ukipenda, kichupa chake cha insulini kilifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya mtungi wa maji kipate ubaridi. Ndege za misaada ziliruhusiwa kubeba dawa, lakini insulini ilikuwa imekwisha bohari kwetu na katika maduka yote ya dawa niliyoyajua, na mimi niliyajua yote. Kichupa cha mama kilikuwa cha mwisho. Niligundua kwamba anapunguza kipimo ili kidumu. Alijidunga akinipa mgongo kama mtu anayeiba, na nikimuuliza, ananijibu kuwa daktari ni mwoga. Alikuwa amekonda, kiu haimwishi, mchana anasinzia akiwa ameketi, akizinduka anadai kwamba alikuwa anafikiri. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Wiki ile agizo la insulini likaidhinishwa. Muuzaji alikuwa nayo, ndege ilikuwa inapakiwa kesho yake asubuhi, na agizo lilitakiwa limfikie kwa maandishi jioni ileile. Likichelewa, tusubiri ndege nyingine, na habari za ndege nyingine hakuna aliyekuwa nazo. Nikaliandika asubuhi na mapema. Mashine ikakataa kulituma. Diski ilikuwa imejaa: nakala za barua za zamani, mafaili ya muda yaliyosahauliwa, kila uchafu ambao watu husema wataushughulikia kesho. Nikasema si neno, nitasafisha folda ya takataka, kazi ya kufumba na kufumbua. Bahati mbaya nililisema kwa sauti, na sekreteri akasikia.

Mkurugenzi wetu, ambaye ofisi nzima ilimwita Chef, yaani mkubwa kwa Kifaransa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, mwenye suti hata siku za joto kali, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba kila jambo la ofisi huanza na mkubwa. Chai haikunywewa kabla hajaionja. Katoni mpya hazikufunguliwa mpaka achane utepe wa gundi kwa mkono wake. Jumamosi, kwenye kazi za pamoja za mtaa, ndiye aliyepiga jembe la kwanza, kisha akasimama kivulini akiwasifu waliopiga yaliyobaki. Wala haikuwa tabia yake peke yake. Kwetu, iwe shule, iwe kisima, iwe mtaro wa maji machafu, jembe la kwanza ni la mkubwa, na watu hupiga makofi kabla ya kuendelea.

Nilipoanza kazi aliniomba nimchoree jinsi mashine ilivyopangwa ndani. Nikamchorea folda zote: kilele kimoja juu, chini yake matawi, chini ya matawi folda za watu. Aliutazama mchoro kwa muda.

"Na mi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha folda yake, kule chini, jirani na ya sekreteri. Uso ukamshuka.

"Chini? Pamoja na sekreteri? Apana. Unipandishe."

Nikamweleza kwamba kule juu hapakai mtu, ni mahali pa hatari, maana anayesimama pale na funguo zote anaweza kuangusha nyumba nzima. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo sababu mkubwa anatakiwa akae pale. Basi kuanzia hapo kila akifungua kompyuta yake alijikuta kileleni, na funguo zote mfukoni. Hakuwahi kushuka. Hakuwa na haja, kwa sababu kazi pekee aliyoifanya humo ndani ilikuwa mchezo wa karata, mlango ukiwa umefungwa na ofisi nzima ikijua.

Sekreteri alikuwa mama wa makamo kutoka Buyenzi, mwenye mtandio safi na sauti ya kusimamisha magari. Alimpelekea Mkurugenzi habari kwamba mashine inafagiwa, na Mkurugenzi akatoka akifunga kifungo cha koti.

"Kufagia bila mi? Nani atapiga jembe ya kwanza?"

Nikamwomba aniachie, ni kazi ndogo, tena chafu. Hakusikia. Wafanyakazi wote wakaitwa. Wapakizi wakaja na vumbi lao, walinzi wakavua kofia, watu wakajipanga kando ya kuta za ofisi yake. Yeye akaketi kwenye kiti chake cha ngozi, mbele ya kompyuta yake iliyounganishwa na mashine kubwa kwa waya. Nikamwandikia mistari miwili kwenye karatasi. Wa kwanza ulisema: shuka mpaka folda ya takataka. Wa pili ulisema: futa kila kilichopo hapa uliposimama, bila kuuliza. Akavaa miwani, akatoa hotuba fupi juu ya usafi, akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza. Watu wakapiga makofi.

Taa ya diski ikawaka na haikuzima. Nikashangaa, maana takataka hazikuwa nyingi kiasi hicho. Kisha kwenye skrini mashine ikalalamika kwamba faili fulani linatumika na haliwezi kufutwa. Nikasoma jina lake. Lile halikuwa faili la takataka, lilikuwa mojawapo ya yale ambayo mashine inayahitaji ili iitwe mashine.

"Chef, mustari ya kwanza uliiandika?"

"Ile ya kushuka? Apana, niliiruka. Mi sishukake. Mutu anaweza kufagia akiwa juu."

Alikuwa amesimama kileleni, ameamuru kila kilichopo kifutwe, na mashine, ambayo haikuwa na adabu ya kumuuliza mkubwa kama ana hakika, ilikuwa inatii.

Nikarusha mkono juu ya mikono yake, nikafikia kibodi na kuisimamisha amri. Taa ikazima. Chumba kizima kikaguna kwa mshtuko, nikadhani wameelewa. Wapi! Sekreteri alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio.

"Umegusa mikono ya Chef!" akasema. "Mbele ya batu bote!"

Mpakizi mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni. Wakatoka mmoja mmoja, wakinong'ona juu ya malezi yangu.

Tulipobaki watatu, mimi, sekreteri na Mkurugenzi, nikamweleza Mkurugenzi hali ilivyo. Mashine ilikuwa bado inapumua kwa sababu programu zilizokuwa zimekwisha kuamka zilikuwa zimo kwenye kumbukumbu yake, hazijajua kwamba huko nyuma nyumba imevunjwa. Lakini atakayetoka hataingia tena, kwa sababu programu ya kufungulia watu mlango imefutwa. Ikizimwa haitaamka. Nakala nilikuwa nazo kwenye kanda, ila programu ya kusoma kanda ilikuwa miongoni mwa marehemu. Kompyuta nyingine za ofisi zilikuwa hazijaingia asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimetoka kwenye yangu baada ya agizo kukataliwa. Njia moja tu ilikuwa imebaki wazi, nayo ilikuwa hiyo iliyo mbele yake, yenye funguo zote.

"Basi, Chef, unipishe nikae."

Sekreteri ndiye aliyeuliza.

"Akae wapi?"

"Kwenye kiti."

"Kiti ya Chef?"

Mkurugenzi akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto aliyeomba apewe gari aendeshe. "Hii kiti mutu mwengine haikaliake," akasema. "Hata bibi yangu, mama ya watoto, hajaikalia. We uniambie, mi naandika."

Nilitamani kumtoa dirishani pamoja na hicho kiti. Mama yangu alikuwa Bwiza anajipunja dawa tone kwa tone, na mimi nisimame pembeni kama mhudumu wa hoteli nikimsomea mtu mzima herufi. Lakini mtu wa aina ile ukimpinga anazima kompyuta na kwenda nyumbani kwa heshima zake, na kuzima ndiyo mwisho wetu. Nikapiga moyo konde, nikasimama kulia kwake, nikaanza kusoma.

Programu ya kuonyesha mafaili ilikuwa imefutwa, ila kuna ujanja wa kuiambia mashine itaje tu majina ya vilivyobaki. Akaandika, akabonyeza. Majina yakatokea, machache. Mashine hufuta kwa kufuata alfabeti, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Wenye herufi za mwanzo walikuwa wamekwisha wote, na wenye herufi za mwisho walikuwa wazima, hawana habari. Walinusurika kwa sababu ya herufi tu. Miaka ile nilikuwa nimeona watu wakinusurika kwa sababu za kipuuzi zaidi, kwa hiyo sikushangaa, nilishukuru. Miongoni mwa wazima ilikuwemo programu ndogo ya kupokea mafaili kupitia waya wa kompyuta ya Mkurugenzi. Na kompyuta yake, kwa kuwa mkubwa lazima awe na iliyo bora, ilikuwa na mdomo wa disketi.

Ofisi moja ya mambo ya maji, upande wa Jabe, ilikuwa na mashine pacha na yetu. Nikamwambia Mkurugenzi naenda kuomba nakala za mafaili yaliyofutwa, na kwamba mpaka nirudi asiruhusu kiumbe chochote kugusa kibodi. Akaniahidi. Nikatoka mbio, nikapita Nyakabiga nikiwa nimeshika viatu mkononi, maana vilikuwa vya kisigino na mitaa ile haikuwa ya kupita kwa madaha.

Fundi mwenzangu wa pale Jabe alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu alipoona mimi sicheki, akanyamaza na kuanza kunakili. Alinipa disketi, na nakala ya pili kama moja itaharibika njiani. Nikaziweka kwenye bahasha, nikarudi.

Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akaifungua bahasha. Akatoa disketi, akaitikisa karibu na sikio.

"Hii iko kaseti?"

"Apana, afande. Ni disketi."

"Inaimba?"

"Haiimbake."

"Sasa ni ya nini?"

Nilikuwa nimechoka, nikatafuta jibu fupi la kweli. "Ni ya kuleta dawa. Dawa ya sukari."

Uso wake ukabadilika. Akaniambia shangazi yake ana sukari, miguu imevimba, na hospitali wanamwambia arudi wiki ijayo kila wiki. Akaomba nimwachie moja. Nikamweleza kwamba haimezwi, haidungwi, haipakwi, ni ya mashine. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtu mchoyo. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania, kwa sababu hakutabasamu hata kidogo. Niliiona jioni inakuja, nikamwachia ile nakala ya pili. Akaniuliza ikae wapi. Nikamwambia mahali pakavu, mbali na jua. Akanipigia saluti.

Nilipofika bohari nikasikia jenereta inanguruma. Umeme ulikuwa umekatika nilipokuwa njiani, na mafuta ya jenereta hayakuwepo kwa sababu ya vikwazo. Mkurugenzi alikuwa ameamuru mafuta ya gari lake mwenyewe yanyonywe yote, na mdomo wa kwanza wa kunyonya mpira wa petroli, bila shaka, ulikuwa wake. Alikuwa anatema mate dirishani nilipoingia. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikaona kibodi.

Juu ya kibodi palikuwa na tangazo lililopigwa taipu, limepigwa muhuri na kutiwa saini yake: ni marufuku kwa mtu yeyote kugusa.

"Nimeilinda," akasema.

"Asante, Chef. Sasa tuendelee."

Sekreteri akakohoa. "Marufuku bado iko. Inasema mutu yeyote. Chef naye ni mutu."

Nikadhani ni mzaha. Mkurugenzi akakubaliana naye. Amri ya maandishi huondolewa kwa maandishi. Sekreteri akakaa kwenye taipureta yake, akapiga karatasi ya kuondoa marufuku, akakosea tarehe, akaipiga upya, ikatiwa saini, ikapigwa muhuri. Nilisimama nikiuma kucha na kuisikiliza jenereta inavyokunywa safari ya Mkurugenzi ya kurudi nyumbani.

Ndipo tukafika mahali pagumu. Faili jipya likitoka kwenye disketi linafika kama karatasi tu, haliruhusiwi kufanya kazi. Kuna programu inayotoa ruhusa hiyo, na yenyewe ilikuwa imefutwa. Nilikuwa nayo kwenye disketi, lakini ingefika bila ruhusa, na mwenye kuiruhusu ni yeye mwenyewe. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo njia nzima kutoka Jabe. Dawa yake ilikuwa moja: kuchukua programu iliyo hai, iliyokwisha kuwa na ruhusa, kumwaga vilivyomo na kujaza vya ile nyingine. Ganda linabaki na ruhusa yake, ndani kumebadilika. Ni kama kumvua askari gwanda ukalivaa wewe ukapita barieri.

Ila ilitakiwa programu ya kuuawa, na zile zilizobaki hai nilizihitaji zote. Zote isipokuwa moja.

"Chef," nikasema, "tunapaswa kuua muchezo ya karata."

Akaondoa mikono kwenye kibodi. Sekreteri akatazama dari.

"Muchezo gani?"

"Chef."

"Chagua ingine."

"Hakuna ingine."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Mi nilikuwa nimefika mbali sana," akasema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza sikumwona kama mkubwa. Nikaona mtu aliyekuwa akifunga mlango na kucheza karata peke yake huku nje mizinga ikilia milimani, kwa sababu hakujua la kufanya zaidi yetu sisi wengine.

Mpaka hapo nilikuwa sijamwambia. Nilidhani kumwambia mkubwa shida za nyumbani ni kuomba upendeleo. Lakini maneno yakatoka yenyewe. "Chef, mama yangu anajidunga insulini. Iko anapunguza dawa ili isiishe. Ile ndege ikienda bila agizo yetu, mama yangu atakufa."

Nililia mbele yao, kilio cha hasira hasa. Sekreteri akanishika bega, yeye ambaye mchana kutwa alikuwa ananisema vibaya. Mkurugenzi akageukia kibodi, akaniuliza, "Naandika nini?"

Nikamsomea. Akaandika jina la mchezo wake herufi kwa herufi, akabonyeza. Programu ya ruhusa ikaingia ndani ya ganda la karata. Tukaijaribu, ikatii.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ya ng'ombe. Kila programu ililetwa, ikapewa ruhusa, ikarudishwa mahali pake, na kila jina aliliandika yeye, kwa kidole, akirudia kwa sauti kila herufi kama anayesoma tangazo la msiba. Alikosea, tukarudia. Mlango wa modemu tukaujenga upya. Folda yangu ilikuwa imefutwa na agizo langu likiwa ndani, kwa hiyo agizo nalo likaandikwa upya, na ni yeye aliyeliandika. Safari hii mashine ililipokea bila ubishi. Diski haikuwa imejaa tena. Hilo, lazima niseme, alilifanikisha.

Modemu ikaanza kupiga. Ikakosa. Ikapiga tena, ikakosa. Nje watu walikuwa wanakimbilia nyumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, na sisi tumesimama tunakitazama kisanduku chenye taa. Kisha kikatoa ule mlio wake wa kukwaruza, taa zikapepesa, na agizo likaondoka. Sekreteri akapiga kigelegele. Mkurugenzi akainuka, akanyoosha koti, akaanza hotuba, lakini mimi nilikuwa nimeshatoka, viatu mkononi, nakimbilia Bwiza.

Ndege ikaja. Insulini ikashuka. Mkurugenzi akachana utepe wa katoni ya kwanza, watu wakapiga makofi, na makofi yangu yalisikika kuliko ya wote.

Jumapili iliyofuata alikuja nyumbani kumjulia hali mama. Alikuja na suti, na kwa kuwa mgeni haendi mikono mitupu, alimletea mgonjwa wa sukari mfuko mkubwa wa sukari, nayo siku zile ilikuwa adimu kama mafuta. Mama akaupokea kwa mikono miwili na kumwombea dua ndefu. Majirani wakaingia kutazama. Mkurugenzi akaketi kwenye kiti chetu kizuri na kuwasimulia.

"Mashine ilikuwa imekufa kabisa," akasema. "Mi nikakaa, nikaandika, nikaandika, mupaka ikafufuka."

Nani aliyeiua, hakugusia. Majirani wakasema mashallah. Mimi nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mwanangu, kuja unisaidie na sindano."

Hajawahi kuhitaji msaada wa sindano maisha yake yote. Nikamfuata chumbani, akashusha pazia.

"Funga mudomo," akaninong'oneza.

"Mama, ni yeye aliiua! Mi niko..."

"Najua. Usiku unapigaka kelele mu usingizi: Chef, shuka! Chef, shuka! Unafikiri mi siwezi kuelewa?" Akakiinua kichupa kipya kwenye mwanga wa dirisha na kukitazama. Kilikuwa kimejaa, na yeye alikuwa tayari anakipima kwa macho. "Hii itaisha. Ikiisha, nani anabonyeza?"

Nikalitazama pazia, nyuma yake Mkurugenzi alikuwa bado anasimulia. Akanisubiri.

"Yeye," nikasema.

Akavuta kipimo kamili, akajidunga, akafumba macho kidogo, kisha akanisukuma kwa kiwiko kuelekea sebuleni. Nikatoka. Nikamjazia Mkurugenzi chai, nikatia sukari, nikawaambia majirani wote kwamba bila yeye mama yangu angekuwa amekufa. Kisha nikalisema tena, kwa sauti zaidi, ili mama alisikie kule chumbani.